Dada yuko Maskati, lakini kila usiku ananihesabia vidonge

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 54, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Jina langu naomba ulihifadhi, maana mji wetu unaujua: ukipiga chafya barabara ya tano, wa barabara ya kumi na tano ameshakuombea dua.

Nina kisukari, huu mwaka wa tisa. Natumia metfomini asubuhi na jioni, na losartani ya presha. Kliniki nahudhuria, si kila tarehe ya kadi lakini nahudhuria. Dawa ya mafuta walinipa pia, nikaiacha baada ya jirani kuniambia inachoma ini. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba, kwa hiyo tangu saa kumi alfajiri niko kwa miguu, na magoti yananitesa. Yakizidi nanunua diklofenaki duka la dawa, nameza, naendelea na kazi.

Sasa kisa chenyewe. Dada yangu mkubwa yuko Maskati tangu mwaka 1994. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyewasomesha wanangu wawili, na hata bati lililo juu ya kichwa changu ninapoandika barua hii ni jasho lake. Mumewe, shemeji yangu, alipata mshtuko wa moyo mwaka 2017. Akawekewa stenti, kile kibomba cha waya cha kuuachia mshipa nafasi, na tangu siku hiyo anakunywa asprini ndogo kila siku na anadunda. Dada hapo akaamini. Akaniambia: "Wewe una sukari, baba kafa ghafla, na wewe utakufa ghafla ukifanya mzaha." Toka mwaka 2021 kila mtu anayekuja kutoka huko ananiletea kopo la asprini za miligramu 81, limefungwa pamoja na halua, na agizo lake: kimoja kila usiku baada ya kula.

Nikawa nakunywa. Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Mwaka wa pili tumbo likaanza kuwaka, hapa chini ya kifua, hasa ninapokanda unga sijatia kitu mdomoni. Ramadhani iliyopita nikapata choo cheusi siku mbili mfululizo, cheusi kama lami, kinanata. Nikasema labda ni tende, nilikula nyingi. Kikakoma chenyewe. Sikumwambia mtu. Hata kliniki hawajui kama nina kopo la asprini nyumbani, maana wataniuliza nani kakuandikia, na mimi nitajibu nini?

Kijana wangu wa mwisho anasoma utabibu, yuko mwaka wa tatu. Aliporudi likizo akaliona kopo kabatini, akaniambia, "Mama, hii kwa mtu kama wewe ilishapitwa na wakati. Itakutoboa tumbo." Nikamsihi asije akamwambia mama yake mkubwa. Tangu hapo sinywi. Lakini dada anapiga simu ya video kila usiku, saa tatu yetu, saa nne yao, na siku nyingine ananiambia, "Hebu lete kopo nilione." Anatazama vimebaki vingapi! Basi kila usiku natoa kimoja nakifukia kwenye chungu cha mrehani kilichopo dirishani. Mrehani wenyewe umenawiri mpaka majirani wanaomba mbegu. Ijumaa tu ndiyo nameza kweli, ili angalau nisiwe mwongo wa wiki nzima.

Mama, usingizi sipati. Nikinyamaza, namdanganya aliyenilea. Nikisema, ataona nimemdharau, na dada akianza kulia kwenye simu mimi sijiwezi. Halafu najiuliza, je, kama yeye ndiye mkweli? Baba alianguka akitoka kuswali alasiri, mwaka 2003, akiwa na miaka 61, hakuamka tena. Dada alipofika tulikuwa tumeshazika. Mwanangu amesoma, lakini ni mtoto bado. Dada hakusoma, lakini mumewe yu hai. Nimsikilize nani?

Mfukia Vidonge,
Ngamiani, Tanga

---

Mfukia Vidonge,

Marahaba, ingawa kwa umri uliotaja nadhani mimi na wewe tungekaa mkeka mmoja. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa sababu ya huo mrehani. Mara ya pili nilipofika kwenye choo cheusi kicheko kikaniisha, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kabla ya dada na kabla ya kijana.

Choo cheusi kinachonata kama lami si cha tende. Tende hazifanyi hivyo. Vidonge vya kuongeza damu huweza kukifanya choo kiwe cheusi, lakini hukusema unavitumia. Damu ikitoka tumboni, ikapita kwenye matumbo na kusagwa njiani, ikifika chini inakuwa na sura hiyohiyo uliyoieleza. Kwa miaka niliyofanya kazi ya uuguzi nimewaona akina mama waliokuja wamechoka tu, wanasema labda ni kazi, na tukipima damu tunaikuta imeshuka vibaya. Kidonda cha tumbo kinaweza kuvuja bila maumivu, kikanyamaza, kikarudi.

Kwa hiyo usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda wiki hii. Waambie ulichoniambia mimi, kwa maneno yaleyale: lami, siku mbili, Ramadhani. Waombe wakupime wingi wa damu, na waulize kuhusu kipimo cha yule bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, maana akiwepo, asprini na dawa za magoti humkuta ameshaanza kazi. Mpaka utakapoonana nao, diklofenaki iweke kando, na kidonge cha Ijumaa nacho kiweke kando. Sijaihukumu asprini kwa kusema hivyo; nafunga koki tu, kisha ndiyo tutafute bomba limepasuka wapi. Na choo hicho kikirudi, au ukatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, au ukisimama dunia inazunguka, hapo usingoje kuche. Hospitali ya Bombo usiku pia iko wazi.

Haya, sasa tukae.

Ninavyokusikia, umeniuliza habari ya kidonge, lakini barua yako nusu yake ni habari ya deni. Bati, ada za watoto, malezi. Kidonge kimekuja juu ya deni hilo, ndiyo maana kukikataa kunakuwa kama kumkataa aliyekileta. Nisamehe kama nimekosea. Ila naona haya mawili yamefungwa kwenye furushi moja pamoja na halua, na ukitaka kuyaona vizuri lazima ulifungue furushi.

Tuanze na shemeji, kwa sababu dada ushahidi wake wote uko kwake. Je, umewahi kujiuliza kama wewe na shemeji mnaumwa ugonjwa mmoja? Damu ina chembe ndogo ambazo kazi yake ni kushikana pale mshipa unapochanika. Asprini huzinyima chembe hizo ishara ya kuitana. Na ikishaigusa chembe, basi. Chembe ile haipati tena uwezo wake mpaka ife, na maisha yake ni kama siku 7 mpaka 10. Shemeji mshipa wake wa moyo ulishaziba mara moja na sasa una waya ndani. Kwake damu kuganda pale ni hatari iliyokwisha kubisha hodi na kuingia. Kwa mtu kama yeye, faida ya asprini ndogo imethibitika miaka mingi na madaktari hawabishani. Tena nikwambie, na wasomaji wengine mnisikie: mwenye stenti, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, asiache asprini yake kwa kusoma barua ya Mfukia Vidonge. Kuiacha ghafla kunaweza kumuua. Barua hii si yake.

Wewe hujawahi kupata mshtuko wa moyo. Ungekuwa umepata ungeniandikia. Kwa hiyo swali lako ni jingine kabisa: je, mtu mwenye sukari ambaye moyo wake haujawahi kusumbua, anywe asprini ili usije ukasumbua? Kidonge ni kilekile, rangi ileile, ila swali limebadilika.

Na swali hilo limepimwa. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa ASCEND, matokeo yakatoka mwaka 2018. Walikuwa watu 15,480 wenye kisukari ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Nusu walipewa asprini ya miligramu 100 kila siku, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.4. Asilimia nisikupe, nakupeleka uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Chukua jukwaa lenye watu 1,000 wenye sukari, wote wananywa kidonge kitupu. Baada ya ile miaka saba na kitu, watu kama 96 wamepata mshtuko wa moyo, au kiharusi, hata kile kidogo cha kupita, au wamekufa kwa ugonjwa wa mishipa. Sasa jukwaa la pili, 1,000 wengine, hawa wananywa asprini. Waliopatwa ni kama 85. Yaani 11 wamesalimika. Dada yako hakuota, unaona?

Lakini usitoke uwanjani bado. Katika jukwaa la kwanza, waliovuja damu vibaya, wengi tumboni na kwenye matumbo, ni kama 32. Katika jukwaa la asprini ni kama 41. Tisa wameongezeka. Waliofanya utafiti wakasema faida kwa kiasi kikubwa imemezwa na madhara. Na kuna jambo ambalo mwanao huenda hakulifikia: watu waliokuwa na sababu ya wazi ya kutopewa asprini hawakuingizwa kwenye utafiti tangu mwanzo. Mwenye choo cha lami na tumbo linalowaka angekalishwa nje ya geti. Kwa hiyo wale tisa ni tisa wa watu wenye matumbo yaliyoonekana salama. Kwako wewe hesabu huenda ikawa nyingine, nayo ndiyo ninayotaka daktari aifanye mbele yako.

Ndiyo maana nikisoma maneno ya kijana wako nakubali nusu. Kwamba asprini kwa mtu kama wewe si ya kumezwa tu kwa kuwa una sukari, hapo yuko sawa, na Mungu ampe umri. Lakini "ilishapitwa na wakati" ni lugha ya wanafunzi. Miaka ya nyuma madaktari wengi waliigawa kwa wenye sukari bila maswali mengi, na dada yako akisema aliisikia kwa daktari siwezi kumbishia. Siku hizi wamepunguza, hawajaifuta. Wataalamu wa kinga wa Marekani walisema mwaka 2022 kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiianze kwa ajili ya kujikinga tu. Wa miaka 40 mpaka 59 mwenye hatari kubwa ya moyo aamue yeye na daktari wake. Chama cha kisukari cha huko nacho kinasema inaweza kufikiriwa kwa mwenye sukari ambaye hatari yake ya moyo iko juu, baada ya kuzungumzwa waziwazi hatari ya kuvuja damu. Wewe wa miaka 54 umeangukia hapohapo kwenye kuzungumza. Na mazungumzo hayo ndiyo ambayo hayajafanyika hata siku moja, kwa sababu kopo liko kabatini na kliniki hawalijui.

Nikuulize na la baba, kwa upole. Ninavyowasikia, mnaamini alikufa kwa moyo. Nani aliyesema? Mtu akianguka ghafla akitoka msikitini inaweza kuwa moyo. Inaweza pia kuwa mshipa wa kichwa umepasuka kwa presha, na hapo damu ilikuwa inavuja, haikuganda. Kama ni hivyo, asprini isingekuwa rafiki yake. Sisemi ilikuwa hivi au vile. Ninachosema ni kwamba familia nzima imebeba hofu ya jambo ambalo hakuna aliyelipima, na dada ameibeba mpaka ng'ambo. Wewe uliona sura ya baba siku ile. Yeye alikuta kaburi bichi. Nadhani kila kopo analotuma ni namna yake ya kuwahi safari hii. Labda ni mawazo yangu tu, uzee una kazi nyingi.

Sasa kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeuandika kama anayepita njia. "Dawa ya mafuta walinipa pia, nikaiacha." Mwenzangu! Mimi hapo ndipo nilipoweka miwani upya. Umefukia asprini mwaka mzima kwa majonzi, na kidonge ambacho ushahidi wake kwa mtu wa aina yako ni mzito kuliko asprini ulikiacha kwa neno la jirani. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa watu 2,838 wenye kisukari cha ukubwani, ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo kama wewe. Waliopewa atorvastatini, mojawapo ya hizo dawa za kushusha mafuta kwenye damu, ya miligramu 10, walipungukiwa na mishtuko ya moyo na viharusi kwa zaidi ya theluthi, mpaka utafiti ukasimamishwa karibu miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu jibu lilishaonekana. Ni kweli dawa hizi huweza kupandisha vipimo vya ini kwa baadhi ya watu, na wengine misuli huwauma. Ndiyo maana kuna kupima. Lakini ini kuungua ni nadra sana, na jirani yako hakukupima. Sikwambii uirudie kesho. Nakwambia muulize daktari: "Mliniandikia hii kwa sababu gani, na je, sababu hiyo bado ipo?"

Presha nayo. Huyo ndiye mnyama wa moyo na wa kichwa pia, na diklofenaki inampandisha, halafu inaelemea figo, ambazo kwa mwenye sukari anayetumia losartani hazihitaji mzigo mwingine. Tena ukiichanganya na asprini ndani ya tumbo moja, hatari ya kuvuja inapanda kuliko kila moja peke yake. Hata lile ganda gumu wanalopaka kwenye asprini lisikudanganye. Madhara yake hupitia kwenye damu pia, si kwa kugusa tumbo tu. Magoti yako yana haki ya dawa, ila waulize dawa nyingine. Mama anayekanda unga saa kumi alfajiri hawezi kuambiwa apumzike, najua, lakini kuna dawa za kupaka, kuna parasetamoli, kuna mazoezi ya paja ambayo fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atakuonyesha, na kuna kiti. Wauza mahamri wangapi Ngamiani wanakaanga wamekaa?

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuendelea kufukia. Naelewa, amani ya usiku mmoja ni kitu. Lakini fikiria siku umepelekwa hospitali hujitambui, na daktari anauliza kwenye simu mgonjwa anatumia nini, na dada kutoka Maskati anajibu kwa uhakika wote, "Asprini, kila usiku, nimehesabu mwenyewe." Watapanga matibabu juu ya jambo ambalo halipo. Au kinyume chake: umepata homa kali. Tanga mwaka 2019 tulikuwa na dengi hapa, unakumbuka, nyumba kwa nyumba. Kwenye dengi asprini na diklofenaki hazitakiwi kwa sababu damu yenyewe inakuwa rahisi kuvuja. Kile kidonge cha Ijumaa unachokiona ni cha dhamira tu, Jumatatu bado kinafanya kazi kwenye sehemu ya chembe zako.

Unaweza kurudi kunywa kila siku ili uwe mkweli. Ungekuwa mkweli kwa dada, na tumbo lako je? Bila kujua kilichovuja Ramadhani, hiyo mimi naiogopa. Baada ya vipimo huenda mambo yakawa tofauti. Wapo watu ambao daktari akipima presha, mafuta, figo na protini kwenye mkojo, akaona hatari ya moyo iko juu na tumbo limetibiwa, anaamua kuwapa asprini pamoja na dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli. Huenda ukawa mmoja wao. Huenda usiwe.

Unaweza kuacha kabisa na kusema. Hapa mwiba ni machozi ya dada, na hofu yako kwamba ukianguka kesho atasema, "Nilimwambia." Hofu hiyo siwezi kukuondolea. Hata kati ya wale 1,000 wanaokunywa kila siku, 85 walipatwa. Kuna siku mtu anafanya yote na bado.

Kama ungenipa mkeka wa kukaa karibu yako, ningekushauri utangulize kliniki, dada afuate. Chukua kikapu, tia kila unachomeza: metfomini, losartani, diklofenaki, zile za mafuta kama bado zipo kabatini, majani kama unachemsha, na kopo la Maskati lenyewe. Mwage mezani kwa daktari. Akikuuliza nani kaandika asprini, sema "dada yangu, kwa mapenzi." Sijawahi kuona daktari mwenye akili akamgombeza mtu kwa jibu hilo, na akikugombeza, wewe umeshatoa siri, aibu imebaki kwake. Mwombe aandike kwenye kadi yako alichoamua kuhusu asprini, na kwa nini.

Ukiwa na kadi mkononi, saa tatu ya usiku huo huwi tena mdogo anayemkaidi mkubwa wake. Unakuwa mtu anayeleta habari. Usianze na "sinywi". Anza na tumbo. "Dada, nilipata choo cheusi, nikaogopa kukwambia." Dada mlezi akisikia mtoto wake ameogopa, mara nyingi husahau kwanza habari ya vidonge. Mwonyeshe kadi kwenye simu kama ulivyokuwa ukimwonyesha kopo. Mweleze la shemeji kwamba yeye ana waya na wewe huna, na kwamba asithubutu kumwachisha ya kwake. Na kama atasema anataka kusaidia bado, mpe kazi. Mwambie badala ya kopo atume kipimo cha presha cha mkononi, awe anakuuliza namba kila usiku. Anapenda kuhesabu, namba za presha zina faida kuzihesabu.

La kufukia vidonge mwaka mzima utamwambia siku hiyohiyo au siku nyingine, hapo mimi sikuingilii. Kuna dada atacheka mpaka simu ianguke, kuna dada atanuna mwezi. Wewe unamjua wako. Kijana wako pia mwombe radhi kidogo, kwa kumfungia mdomo. Si vyema mtabibu kuanza kazi kwa kutunza siri ya damu ya mama yake. Na majirani ukiwapa mbegu za mrehani, hiyo haina neno, asprini ya kwenye udongo haitawafuata.

Niandikie ukitoka kliniki. Nataka kujua wingi wa damu umesoma ngapi, na nataka kujua dada alisema nini ile dakika ya kwanza, kabla hajaanza kulia.

Wako,
Mama Mshauri